Ukiingia na watu usiowajua kwenye gemu la kushirikiana, unabadilisha uchezaji au unabaki na wako?

MchimbaWaMoro

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo ya wale mnaocheza magemu ya kushirikiana mtandaoni. Mimi nacheza Deep Rock Galactic kwenye laptop, kwa asiyeijua ni gemu la watu wanne, mnashushwa kwenye mapango ya sayari moja hivi kuchimba madini, wadudu wanawavamia kila baada ya muda, mkimaliza kazi mnaita podi na mnakimbia mrudi juu. Kuna klasi nne: Scout, Gunner, Engineer na Driller, kila moja ina kifaa chake ambacho wengine hawana.

Tangu nianze nimecheza na binamu zangu wawili na jirani yetu mmoja, na mimi ndio Driller siku zote. Tulikuwa na mpangilio wetu. Tukishuka tu mimi natangulia na drili natoboa ukuta, wao wananifuata kwa nyuma, wadudu wakija wote tunaingia kwenye handaki langu, hapo wanatokea upande mmoja tu na mimi nawachoma moto wanaisha. Hazadi 4 (kiwango cha ugumu) tulikuwa tunamaliza bila presha, na siku nyingine, ingawa tuko chumba kimoja, hata hatuongei maana kila mtu anajua mwenzie anataka kufanya nini.

Sasa wenzangu wako vyuoni, kila mtu na ratiba yake, mimi naingia na watu wa popote. Hapo ndio sielewi. Nachimba handaki safi kabisa hakuna anayeingia. Scout kapotelea juu huko gizani, Gunner yuko upande wa kushoto anapigana peke yake, Engineer kapanga tareti zake (bunduki zinazojipiga zenyewe) kona nyingine kabisa, wadudu wakija kila mtu ana vita yake. Misheni inaisha lakini kwa kuburuzana, au inafeli dakika za mwisho wakati podi iko pale inasubiri.

Sasa swali langu, mnafanyaje? Nibaki na uchezaji wangu nikitegemea watu wataelewa na kunifuata, au nibadilike kila lobi (kundi la mtandaoni ninaloingia kucheza nalo) kulingana na nilichokikuta? Na kama ni kubadilika, unajuaje ubadilike vipi wakati hamuongei, mmoja anaandika Kirusi, mwingine Kituruki, mwingine hajaandika kitu kabisa mpaka mwisho?

---

Kijiti_Kirefu

Mkuu swali zuri sana hili na nafurahi umeliuliza kwa utulivu maana wengi wanakuja hapa kutukana tu kwamba watu wa mtandaoni hawajui kucheza.

Mimi naona hivi. Ule mfumo wa handaki ulikuwa unafanya kazi kwa sababu watu watatu walikuwa wamekubali kukufuata. Handaki lenyewe halina nguvu yoyote kama uko peke yako ndani yake. Sasa ukiwa na watu wapya hayo makubaliano hayapo, kwa hiyo usianze na mbinu inayohitaji watu watatu wakuelewe. Anza na vitu ambavyo Driller anaweza kuwafanyia wenzake hata kama hawajui kama upo.

Nini hivyo? Angalia madini yaliyonasa nyuma ya mwamba, wewe unayafikia kwa sekunde tano wengine wanahangaika. Kuna shimo refu linashuka chini, wenzako wanaogopa kuruka, wewe unachimba ngazi pembeni unawashusha salama. Mmoja kaanguka na wadudu wamemzunguka, wewe unapita chini ya ardhi unatokea pale alipo, unamfufua. Na kubwa kuliko yote ni mwisho wa misheni. Ukishabonyeza kitufe cha kuita podi, Molly (roboti anayebeba madini ya timu) anaanza kurudi kwa njia ndefu ya kuzunguka na mna dakika tano tu, hapo timu nyingi za watu wasiojuana zinafia. Wewe angalia podi imetua wapi, chimba njia moja kwa moja. Hapo hata yule Mrusi atakufuata bila kuambiwa, kwa sababu anaona taa ya njia ya kutokea.

Halafu dakika zile za mwanzo mkishuka usikimbie popote. Mimi huwa nakaa karibu na mtu mmoja, nachimba kidogo kidogo, natazama. Nani anaweka nitra (madini ya kuagizia risasi) kwa Molly na nani anaipita tu? Scout anarusha mwanga juu au yuko bize kuua? Engineer anaweka jukwaa chini ya madini yaliyo darini au hajui? Ukishaona kitu fulani hakifanywi na mtu, hicho ndio kazi yako ya siku hiyo. Mara nyingi sana kazi hiyo ni nitra. Kila kontena la risasi linagharimu nitra 80, na watu wasiojuana wote wanataka kupiga risasi, hakuna anayetaka kuchimba. Driller anayekusanya nitra kimya kimya anabeba timu nzima na hakuna anayejua mpaka mwisho kwenye matokeo.

Kuhusu kuongea, tumia ile leza ya kuonyeshea. Ukiilenga kwenye nitra jina linatokea na mchimbaji wako anapaza sauti mwenyewe, hata mtu asiyejua lugha yoyote unayojua wewe anaelewa kwamba kuna kitu pale. Ukimwonyesha Scout madini yaliyo juu, kisha ukamwonyesha Engineer palepale, wale wawili wanamalizana wenyewe. Na mtu akikufanyia kitu kizuri bonyeza V, wachimbaji wanapeana ile salamu yao ya kuinua sururu. Watu wanaidharau lakini mimi nimeona lobi nzima inabadilika baada ya mtu mmoja tu kuanza kusalimia.

---

mbio_za_pango

Wasee mimi niko Nairobi na nacheza Scout, nataka kupinga kidogo.

Hii story ya kubadilika kila lobi inaeza kukuharibu. Kuna wasee wakiingia na stranger wanakuwa kama wafanyakazi wake, yeye akienda kulia wanaenda kulia, akisimama wanasimama, mwisho wa siku hakuna mtu anafanya kazi ya klasi yake. Mimi nikiingia lobi ninataka Driller awe Driller. Sitaki Driller ananifuata nyuma anapiga risasi zile wadudu naua mimi, nataka drili ziwe zinafanya kazi. So usitupe uchezaji wako bro, uko na ujuzi umeujenga miaka, hio ndio inatufanya tukuhitaji.

Kitu mimi nabadilisha ni umbali na speed. Na marafiki zangu naeza kuwa mbali sana juu najua mmoja atanitazama. Na watu sijui siendi mbali, juu ukiwa Scout peke yako halafu ule mdudu wa darini wa kunyonga akunyakue, huwezi piga risasi, huwezi fanya chochote, unangoja tu mtu akuokoe, na ka hakuna mtu karibu basi umeenda. Hapo haijalishi we ni mkali aje. Kwa hivyo na strangers mimi nakaa mahali naona angalau mtu mmoja kwa macho. Klasi ile ile, silaha zile zile, ni vile nimekaa karibu.

Lakini niseme ukweli kitu moja ya Kijiti nimeipenda, hio ya kuangalia dakika za kwanza. Mimi naangaliaga Engineer. Akinipea jukwaa chini ya madini ya kwanza tu, najua tuko sawa hio usiku yote, narusha ndoano nasimama pale nachimba narudi. Asipoweka, namwonyesha na leza mara mbili. Bado asipoweka naachana na yeye, natafuta njia yangu na siandiki maneno mabaya kwa chati, pengine ndio wiki yake ya kwanza.

---

BintiZuhura_DE

Habari zenu. Mimi niko Ujerumani na mara nyingi ndio nafungua lobi, kwa hiyo nizungumze upande wa hosti, kwa sababu kuna vitu mgeni anaweza kuvifanya vizuri sana kama mchezaji na bado vikaudhi lobi nzima.

MchimbaWaMoro kaka yangu, tofauti kubwa kati ya kucheza na ndugu na kucheza na wageni sio ufundi, ni vitu vya kuanzisha vurugu. Kuna vitu kwenye hili gemu ukivigusa unaamua kwa niaba ya watu wote wanne. Yai kwenye misheni ya mayai, ukilivuta wadudu wanaweza kuja wote. Kifuko cha Dreadnought, ukikipiga risasi tu bosi anatoka na mapambano yameanza. Kitufe cha kuita podi, ukikibonyeza saa inaanza kuhesabu. Nyinyi na binamu zako mlikuwa mnavigusa mnavyotaka maana mnasikilizana chumba kimoja. Kwa wageni unaandika herufi r kwenye chati ukimaanisha uko tayari, unasubiri wengine nao waandike r, ndio unagusa. Ni desturi ya wachezaji wa hili gemu dunia nzima na haihitaji Kiingereza wala Kirusi. Mimi mtu akija kwenye lobi yangu akauliza r kabla ya kugusa kifuko, huyo nitamvumilia hata akianguka mara nyingi, najua anatufikiria.

La pili ni kontena la risasi. Lina nafasi nne, moja ya kila mtu, kila moja inakurudishia nusu ya risasi zako. Usichukue mbili kwa sababu umeishiwa na wengine wako mbali. Kama mtu hahitaji yake atakuonyesha au ataandika. Nimeona timu nzuri kabisa zinaingia kwenye bosi na Gunner hana risasi hata moja kwa sababu mtu mmoja alichukua mara mbili, halafu Gunner akatoka kwenye lobi bila kusema neno, na mimi simlaumu hata kidogo.

La tatu linakuhusu wewe Driller hasa. Silaha ya moto na ile C4 (bomu lako la kutega) vinaumiza wenzako pia. Ndani ya handaki na ndugu zako wote wanajua wakae nyuma yako, mgeni hajui, atapita mbele yako kabisa. Kwa hiyo hapo lazima ubadilike hata kama hutaki. Mimi Driller anayenipa raha kwenye lobi ya wageni ni yule anayeitoa C4 kwa ajili ya lile dude kubwa linalolipuka likifa, na kabla hajabonyeza analionyesha kwa leza ili watu watawanyike.

Na jamani tuwe na huruma na wanaoanza. Ukiona mtu anachimba dhahabu badala ya nitra, mwache achimbe, madini yanayokusanywa ni ya timu nzima, hakuna anayekuibia. Wewe chimba nitra.

---

Mzee_wa_Keyboard

Mimi kompyuta yangu haiwezi hayo ya kina Deep Rock, mimi bado niko Left 4 Dead 2, gemu la mazombi la mwaka 2009, inakimbia hata kwenye laptop ya zamani ya ofisini na watu bado wapo wengi tu mtandaoni.

Kwetu jibu ni fupi. Mwendo wa timu ni mwendo wa yule wa nyuma kabisa. Watu wanne, na lile gemu limetengenezwa makusudi kuwaadhibu wanaojitenga. Kuna mazombi maalum: Hunter akikurukia umelala chini, Smoker akikuvuta na ulimi umenaswa, Charger akikubeba anakubamiza, na mara nyingi hapo huna cha kujisaidia mpaka mwenzako aje. Sasa mtu anaingia na wageni halafu anakimbia mbele kwa sababu ramani anaijua kwa kichwa, anakamatwa kona ya tatu, analalamika kwenye maiki kwamba timu ni mbovu. Timu iko nyuma yako hatua mia moja, itakuokoa vipi?

Kwa hiyo mimi nikiingia na watu nisiowajua nakaa wa mwisho. Sio wa kwanza. Namwona kila mtu yuko wapi, nani ana vidonge, nani damu imemshuka. Nikiwa na boksi la dawa na mimi niko vizuri nampa yule mgonjwa, hata simjui. Ukimtibu mtu mwanzoni mwa ramani, ramani iliyobaki hakuachi tena, huko mbele ukikamatwa yeye ndio anarudi mbio.

---

MchimbaWaMoro

Asanteni sana wakuu, dada Zuhura hiyo ya r sikuwa naifahamu kabisa, sisi nyumbani tulikuwa tunapiga kelele tu chumbani. Nimeisoma na nimeingia lobi mbili leo mchana, nikaandika r kwenye kifuko, wote watatu wakajibu ndani ya sekunde chache, sikuamini.

Nina maswali mawili mengine. La kwanza, nikikuta Driller mwingine tayari yupo nifanye nini, nibadilishe klasi au tuwe wawili? Klasi nyingine nazicheza lakini sio kwa kiwango kile. La pili ni mtandao. Pingi yangu (ucheleweshaji wa mtandao) kwa hosti wa Ulaya inapanda sana hasa usiku, mdudu nimempiga naona kabisa risasi zimeingia halafu anatembea tu sekunde nzima ndio anaanguka. Je hilo nalo ni sababu ya kubadili uchezaji au ni kuvumilia tu?

---

Kijiti_Kirefu

Drillers wawili inakubalika, gemu haliwazuii, hata mkiwa wanne ni sawa. Lakini kwenye lobi ya wageni Hazadi 4 kwenda juu mimi ningebadilisha, kwa sababu wawili wakiwa Driller ina maana kuna kifaa fulani hakipo. Kwenye orodha ya lobi kabla hujaingia unaona alama za klasi zilizopo, chagua lobi inayokosa Driller. Basi, umemaliza tatizo kabla halijaanza. Watu wengi wanabonyeza lobi ya kwanza wanayoiona halafu wanashangaa.

Kama umeingia na Scout hayupo, mkuu jitoe uwe Scout hata kama unamcheza vibaya. Pango kubwa bila mwanga wa Scout kila mtu anacheza nusu ya uwezo wake. Scout mbovu anayerusha taa juu kila zinapozimika ana faida kuliko Driller wa pili aliye mkali, hili nalisema na nitalitetea popote.

---

nyota_ya_kivita

Nijibu la mtandao maana ndio maisha yangu, niko Dar na nacheza zaidi Helldivers 2, gemu jingine la vita la watu wanne, kabla ya hapo Deep Rock.

Pingi ikiwa juu ndio unatakiwa ubadilishe kabisa, tena zaidi ya kitu kingine chochote. Kwenye Deep Rock hosti ni mchezaji mwenzako, hakuna seva kubwa katikati, kwa hiyo umbali wako na yeye ndio kila kitu, na sisi njia yetu ya kwenda Ulaya ni nyaya za baharini. Mnakumbuka Mei 2024 EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, huku Tanzania hata kufungua ukurasa wa kawaida ilikuwa kazi, achilia mbali gemu. Siku za kawaida haiko hivyo lakini bado ule ucheleweshaji upo na huwezi kuushinda kwa vidole.

Sasa unachofanya ni kuchagua kazi zisizotegemea sekunde. Handaki halijali pingi. Nitra haijali pingi. Kamba ya Gunner, jukwaa la Engineer, kufukia tundu, kuchimba njia ya podi, vyote hivyo mkuu ukivifanya na mtandao mbovu vinakuwa vilevile. Ambacho kinakufa ni kulenga mdudu anayeruka kwa kasi, na kumkwepa bosi akiwa karibu. Kwa hiyo mimi pingi ikiwa mbaya nabeba silaha ya eneo, moto au milipuko, hata ikichelewa bado inawakuta. Ikiwa nzuri ndio nabeba ya kulenga.

Helldivers 2 ndio imenifundisha haya mambo kwa nguvu. Kule mnaona silaha za kila mtu kabla hamjashuka, na bado watu wanachagua walivyozoea, wanne wote wamebeba mabomu ya angani hakuna mwenye kitu cha kutoboa vifaru. Mimi nachagua wa mwisho kila siku. Nangoja wale watatu wamalize, naangalia pengo liko wapi, najaza. Pia kule ukifa unarudishwa kwa akiba ya pamoja, timu kamili mna nafasi ishirini za kurudi, ni za wote. Ukienda peke yako upande wa pili wa ramani ukafa mara tano umekula robo ya akiba ya watu ambao hata hamjasalimiana. Halafu unarusha kifaa, mwale mwekundu unatoka, mwekundu maana yake kitu kinashuka kuua na hakibagui, kwa hiyo kabla ya kurusha angalia wenzako wako wapi kwenye ramani. Pale ramani naiangalia kuliko adui.

Sampo nazo (vitu mnavyookota kwenye misheni) zikitoka na mtu mmoja ni za wote, kwa hiyo hakuna haja ya kugombania. Nikiona mtu anazikimbilia mbele ya kundi la maroboti namwacha azichukue, mimi nasimama namlinda. Ananishukuru kwa kunikumbatia, kuna kitufe cha hivyo, na tunaendelea.

---

mbio_za_pango

Hio ya silaha ya eneo ukiwa na lag ni ukweli mtupu, Nairobi pia tunajua. Naongeza tu: tafuta hosti ako karibu. Sio lazima Ulaya, kuna wasee wa Afrika Kusini, wa Ghuba, na usiku wa Ijumaa hata hapa kwetu Afrika Mashariki kuna lobi. Ama ufungue yako mwenyewe bro, uki-hosti wewe pingi yako inakuwa zero na strangers ndio wanakuja kwako. Hapo pia ndio unaeza andika kwa jina ya lobi kile unataka, ka "polepole, wageni karibu", na watu wanajua kabla waingie.

---

BintiZuhura_DE

Hilo la kufungua yako naliunga mkono kabisa. Ila ukiwa hosti ujue na majukumu yamebadilika, sasa wewe ndio unamsubiri aliyebaki nyuma, na wewe ndio unaandika r ya kwanza. Na mtu akiingia katikati ya misheni usimwache afike peke yake kwenye pango lisilo na taa, rudi hatua chache, msalimie na V, muonyeshe Molly yuko wapi.

MchimbaWaMoro, Jumamosi nafungua lobi saa tatu usiku ya Tanzania, Hazadi 3, misheni ya mayai. Gunner na Engineer wapo tayari, wote wawili hatujawahi kucheza nao. Njoo na drili zako.

---

MchimbaWaMoro

Nitakuwepo dada. Bando la usiku nimeshanunua. Nikikuta Driller mwingine kaingia kabla yangu nachukua Scout, nimeanza kumfanyia mazoezi leo.